Kishor, Msoma Soli wa Mtaa wa Sikukuu

Kishor hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu wapo wazee wa Kariakoo wanaopenda kusimulia kwamba walikaa naye jukwaani, wakamwona akirusha kofia timu ikifunga. Waongo watupu. Jumapili jioni Kishor alikuwa nyumbani, vyumba viwili nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, mkewe Sarla akimsugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Mgongo wa fundi viatu huchoka kabla ya macho yake. Mpira kwa Kishor ulikuwa kitu kinachofika Jumatatu asubuhi ndani ya gunia, kikinuka.

Gunia lilibebwa na Abbasi, mtunza vifaa wa timu. Ilikuwa timu ya shirika moja la umma lenye bohari Barabara ya Pugu. Ndani ya gunia mlikuwa na jozi kumi na tano, mara nyingine ishirini, za njumu za kushonwa, za kubandikwa, za kupigiliwa meno mapya. Meno ni vile vipande vya chini vinavyoshika nyasi. Dukani vilikuwa havipatikani, sabuni yenyewe tuliipangia foleni, sembuse meno ya njumu. Kwa hiyo Kishor aliyachonga kutoka kwenye tairi la lori, jino baada ya jino, kwa kisu alichoachiwa na baba yake, ambaye naye alikuwa fundi viatu na mtoto wa fundi viatu. Kaka yake Ravindra alikwisha hamia Uingereza na alimwandikia mara tatu amfuate. Kishor alimjibu mara moja tu: huko kiatu kikitoboka kinatupwa, sasa mimi nije kufanya nini?

Kabla ya kung'oa meno ya zamani aliyatazama. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa tabia yake, akishike kiatu cha mteja, akigeuze, apitishe kidole gumba chini ya soli kuanzia kisiginoni hadi vidoleni, halafu amwambie mwenye kiatu kwamba goti lake la kulia linamuuma. Na kweli lilikuwa linauma. Akina mama wa Mtaa wa Mchikichi walimwogopa kwa hilo.

Siku moja, mwaka wa sabini na tisa hivi, Ndugu Kasmir alipita pale barazani. Kasmir alikuwa katibu wa timu na papo hapo mkuu wa utumishi pale shirikani, yaani mtu mmoja huyo huyo ndiye aliyekupa jezi na ndiye aliyekupa ajira. Kishor alimwinulia njumu moja akamwambia, "Mwenye kiatu hiki anageuka kwa kuchelewa. Bao la Jumapili litapita kwake." Kasmir alicheka. Jumapili bao lilipita kwa yule yule. Kasmir akaacha kucheka, na tangu hapo hakuna beki wa pembeni aliyesajiliwa pale bila njumu zake kupita kwanza kwenye mapaja ya Kishor.

Nimesema beki wa pembeni kwa sababu hao ndio Kishor aliowaweza. Mshambuliaji, alisema, hana la kusomwa. Anakimbia mbele kama watu wote. Beki wa pembeni ndiye mtu pekee uwanjani anayefanya kazi yake akirudi kinyumenyume. Winga anajua anakokwenda, beki hajui, na bado anatakiwa afike wa kwanza. Basi ni lazima arudi kwa vidole, uzito mbele, magoti yamekunjika kidogo, kiuno kiko tayari kufunguka upande wowote. Akirudi kwa kisigino amekwisha. Anayetazama mpira anadanganywa, anayemtazama winga machoni anadanganywa, anayemtazama kiunoni anajua, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kwenda mahali akakiacha kiuno chake nyuma. Yote hayo Kishor aliyajua bila kuuona mchezo hata mmoja. Aliyapata chini ya soli: jino gani limeliwa, limeliwa upande gani, mkwaruzo umekatisha au umezunguka. Nimesikia watangazaji wengi wa redio tangu wakati ule na makocha wawili watatu kutoka Ulaya ya Mashariki. Hakuna aliyemfikia.

Sasa niseme mimi nilikuwa wapi. Jina langu ni Elisaria. Nilishuka kutoka Machame nina miaka kumi na saba kuja kuuza katika duka la mjomba, hatua chache kutoka baraza la Kishor. Mwaka wa themanini na tatu ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Mjomba alifunga duka siku ya pili, akasema anakwenda nyumbani kuangalia migomba, na migomba hiyo akaiangalia mpaka alipozikwa. Mimi nikabaki mjini sina duka, sina kazi. Miezi michache baadaye ikaja Nguvu Kazi. Kwa wasioikumbuka: mgambo walisimama njia panda, wakaomba kitambulisho cha kazi, na asiyekuwa nacho akapandishwa lori kupelekwa shambani kulima. Uwe umezaliwa Dar es Salaam au umeshuka juzi, lori halikubagua.

Katika hali hiyo namba tatu wa timu ya shirika, yaani beki wa kushoto, akavunjika mguu. Nafasi ikawa moja, na nafasi hiyo ilikuja na kazi ya karani wa bohari na kitambulisho chenye picha. Tuliojaribiwa tulikuwa wengi wiki ya kwanza, tukabaki wawili: mimi na Nassibu.

Nassibu alikuwa mtoto wa Magomeni. Alibeba magunia ya vitunguu sokoni tangu alfajiri hadi saa nane, kisha akaja Viwanja vya Jangwani kucheza, na magamba ya vitunguu yakiwa bado mabegani. Alifanya kazi kuliko makarani wote wa bohari ile wakiwekwa pamoja, ila kazi ya kubeba magunia haikuwa na kitambulisho. Alikuwa rafiki yangu. Silitumii neno hilo kwa urahisi, na nadhani mtaona sina haki ya kulitumia.

Kasmir aliamua mambo yafanyike kwa utaratibu. Njumu zetu zipigiliwe meno mapya siku moja, tucheze wiki tatu, kisha zirudi kwa Kishor. Kishor mwenyewe ndiye aliyetaka meno mapya. "Nisisome mambo ya zamani," alisema. "Nisome huyu kijana wa sasa."

Hapo ndipo palipoharibika. Mimi nilikuwa na njumu za Kichina, safi, alizoninunulia mjomba kwa kukisia, na zilinibana mpaka kucha mbili zikawa nyeusi. Nassibu alikuwa na njumu kubwa za marehemu kaka yake, na alizijaza matambara mbele zisimvuke. Siku ya kwanza tu, pale pembeni ya uwanja, tulitazamana miguu tukacheka, tukabadilishana. Kila mtu alifanya hivyo miaka ile. Ungeweza kuona jozi moja imecheza mechi mbili kwa miguu ya watu wawili alasiri moja, na hakuna aliyeona ajabu. Wiki tatu zote Nassibu alicheza na zangu, mimi nikacheza na zake. Lakini kila jozi ilikuwa na jina la mwenyewe, limechomwa kwa msumari wa moto chini ya ulimi wa kiatu, ili zisipotee kwenye gunia. Za Kichina ziliandikwa ELISARIA. Zile kubwa ziliandikwa NASSIBU.

Sikupanga. Naapa kwamba sikupanga, na naapa vilevile kwamba Jumatatu ile ya hukumu, Abbasi alipolibeba gunia, nilijua vizuri kabisa kilichomo. Nilijiambia Kishor atagundua mwenyewe. Pia nilijiambia kwamba mimi ndiye bora, hivyo itakuwa ni hasara yangu, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kukaa kimya juu ya hasara yake. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri wakati nimekaa kwenye ngazi ya baraza, Kasmir amesimama, Kishor ameweka jozi mbili mapajani. Nassibu alikuwa sokoni na magunia yake.

Kishor alianza na zile za Kichina. Alipitisha kidole gumba mara ya kwanza, akasita, akapitisha tena. Uso wake ulilainika.

"Ndugu Kasmir, njoo uone," alisema. "Meno ya mbele yameliwa sawasawa, yote mawili, kushoto na kulia. Ya kisiginoni bado mapya. Huyu anarudi kwa vidole dakika tisini. Na hapa, ona, mkwaruzo umezunguka duara kamili. Anageuka papo hapo, hachukui hatua ya pili. Na soli ya pembeni haina alama. Hajitupi chini. Mwenye haraka hujitupa chini. Huyu anangoja mpaka winga achoke kumdanganya. Miaka yote umeniletea njumu, hukuniletea mtu kama huyu."

Nilimwona Nassibu wazi kabisa katika maneno yale. Nilimwona alivyorudi mbele ya winga, mikono chini, hana papara, macho kiunoni. Na nilijua, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba mimi si bora.

Kishor akachukua zile kubwa. Hakuchukua muda.

"Huyu anarudi kwa kisigino. Tazama kushoto, upande wa nje, jino limekwisha kabisa. Anaogopa mbio, kwa hiyo anaanza kukimbia kabla ya winga. Winga akimtikisia bega moja tu, huyu anakaa chini." Akafungua ulimi wa kiatu akasoma jina. "Nassibu. Pole yake. Mpeni kazi nyingine kama ipo."

"Haipo," alisema Kasmir. Kisha alinigeukia na kunipa mkono. "Hongera, Elisaria."

Ule mkono niliupokea. Siku hizi nikikumbuka naona kama ungeweza kubaki hewani muda mrefu kidogo, niseme, "Mzee, tulibadilishana." Maneno mawili. Mtoto wa chekechea anayaweza. Nilisema, "Ahsante, Ndugu Katibu."

Kwa muda nilijifariji kwamba sikusema uongo, nilinyamaza tu. Faraja hiyo ilidumu mpaka saa tisa alasiri, Nassibu aliponifuata nilipokuwa nimekaa mbele ya duka lililofungwa.

"Elisa, wanasema umechaguliwa wewe."

"Ndiyo."

"Umewaambia lakini tulibadilishana njumu?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Kasmir amesema orodha imekwisha andikwa. Amesema majina ni majina."

Nassibu alikaa chini karibu yangu. Alikuwa mtu wa kuamini, na alijua jinsi watu wa ofisini walivyo, kwa hiyo jibu langu lilimwingia bila shida. Alikwangua gamba la kitunguu begani. Halafu akanishika goti akasema, "Basi, bwana. Ahsante kwa kusema. Mwingine angekula jiwe, anyamaze zake."

Tulikaa pale mpaka jua likapungua. Alinifundisha hata namna ya kumkaba winga wa kulia wa timu tutakayokutana nayo Jumapili.

Alhamisi asubuhi Nassibu alikuwa anakwenda kwa Kishor kuchukua njumu zake zilizobaki pale. Mgambo walimsimamisha kwenye kona, hatua thelathini kutoka barazani. Hili sikuliona, alinisimulia Kishor mwenyewe baadaye. Nassibu alionyesha kidole kuelekea kwake, akasema yeye ni mchezaji, njumu zake ziko kwa fundi yule. Mgambo mmoja alikuja mpaka barazani kwa adabu kabisa, akauliza, "Mzee, huyu kijana ni wa timu ya shirika?" Kishor alikuwa mtu asiyesema uongo hata juu ya kiatu cha mtoto. Akajibu, "Namjua. Hakuchaguliwa." Wakampandisha lori. Wengine walisema lilikwenda Kimamba kwenye mkonge, wengine walisema Rufiji. Mama yake Nassibu, Bi Sabaha, alizunguka ofisi mbili tatu akiuliza, na mimi nilikuwa nikikata kona kila nilipoona baibui lake kwa mbali.

Nilicheza msimu mmoja. Sitaki kuueleza wote. Mechi ya tatu winga mmoja mfupi alinitikisia bega na nikakaa chini, hivyo hivyo alivyosema Kishor, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mechi ya tano mabao mawili yalipita upande wangu. Watu hawakunilaumu mimi, ajabu yenyewe ndiyo hiyo. Walimlaumu Kishor. "Mhindi gani wa kusoma viatu, ametusomea nini huyu?" Vijana waliopita barazani kwake walimwinulia kandambili na kumwuliza zinacheza namba ngapi. Kasmir, ambaye kwa miaka minne alitembea kifua mbele kwa sababu ya kidole gumba cha yule mzee, aliliondoa gunia pale bila hata salamu na kulipeleka kwa fundi mwingine mtaa wa Gerezani. Mwisho wa msimu nilitolewa kwenye timu. Kitambulisho sikunyang'anywa. Karani wa bohari ni karani wa bohari.

Kishor hakujitetea. Nilipita pale kila siku nikienda kazini, nikamwona anavyobadilika. Alianza kukigeuza kiatu mara mbili, mara tatu, kisha akakiweka chini bila kumwambia mteja lolote. Sarla aliniambia siku moja, akichambua mchele mlangoni, kwamba mzee amesema mikono yake imekuwa mijinga. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimwambia, "Pole, mama," nikaenda zangu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, kiatu changu cha kazini kiling'oka kisigino. Ningekwenda kwa fundi mwingine. Sijui kwa nini nilikwenda kwake, labda nilichoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Elisaria. Lete."

Nilivua vyote viwili nikampa. Alikigeuza cha kushoto, akapitisha kidole gumba, na kidole kikasimama kwenye kisigino, upande wa nje. Akachukua cha kulia. Akarudi kwa cha kushoto. Kisha aliinama chini ya benchi akavuta boksi la mbao, akatoa zile njumu kubwa, akaziweka mapajani sambamba na viatu vyangu vya ofisini, soli juu. Mvua ilikuwa inagonga bati. Hakuniangalia.

"Soli hizi ni za mtu mmoja," alisema.

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Tulibadilishana. Wiki zote tatu."

Nilidhani atanipiga na nyundo. Ningefurahi angenipiga.

"Na siku ile ulikuwa umekaa hapo," alisema, akionyesha ngazi.

"Nilikuwa nimekaa hapo."

"Yeye alijua umenyamaza?"

"Hapana. Nilimwambia nimesema, mkakataa."

"Akasemaje?"

"Alisema ahsante."

Kishor alifumba macho. Ndipo akanisimulia habari ya mgambo na neno alilomjibu. Alilirudia mara kadhaa, hakuchaguliwa, hakuchaguliwa, kama anatafuta mahali pa kulisahihisha. "Mwaka mzima nimewaza nilisoma vibaya," alisema. "Nilisoma vizuri. Nilisoma vizuri, na nikamtia mtoto wa watu kwenye lori."

Akaziweka chini njumu za Nassibu, akanisogezea kwa mguu. "Vaa."

Nikavaa. Zilinienea sawasawa, kama siku zote zilivyonienea. Kishor alitazama zilivyokaa mguuni, akabonyeza ncha kwa kidole gumba, akatikisa kichwa taratibu. Kisha alichukua viatu vyangu, akaviweka ndani ya boksi la mbao na kulisukuma chini ya benchi.

"Hivi atavichukua Nassibu akirudi," alisema. "Wewe nenda."

Nilitembea mpaka bohari Barabara ya Pugu kwenye mvua, nimevaa suruali ya kazini na njumu, meno yakigonga lami, na watu wa sokoni wakiuliza leo kuna mechi gani. Jioni ile nilifika mpaka mtaani kwa Bi Sabaha Magomeni, nikasimama nje ya nyumba yake muda mrefu. Sikubisha hodi.

Kishor alikwenda kwa Kasmir kesho yake akamweleza. Kasmir alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia yamekwisha pita, na kwamba yule kijana popote alipo analijenga taifa. Hakuna njumu nyingine iliyoguswa pale barazani. Ukimletea alikurudishia bila maneno. Alifanya kazi miaka mingine kumi na moja, na kila nilipopita alinitazama miguuni, usoni hakuwahi kunitazama tena. Alipofariki nilikwenda msibani nikasimama mbali, nyuma ya waombolezaji wote. Sarla aliniona. Alinijia na kunong'ona kwamba boksi liko bado chini ya benchi, kama nataka vitu vyangu.

Nilimwambia si vyangu. Nassibu hajarudi mpaka leo, na mimi sijawahi kupanda basi kwenda kumtafuta.